Nyenje Asilale na Kinyonga

Wanachuo wenzangu, kila nikisema kwamba Jumanne na Ijumaa ni zamu yangu ya kulisha vinyonga wa maabara ya zuolojia, maswali huwa yale yale. Si ana sumu huyo? Si anakula upepo? Jamani, hana sumu na upepo haumshibishi. Kinyonga anakula wadudu hai, tena anataka kumwona mdudu akitembea ndipo arushe ulimi. Kwa hiyo anayemfuga kinyonga anafuga mifugo miwili: kinyonga mwenyewe na wadudu wake. Wengi wanaisahau hii ya pili.

Usiku ni wa nyenje

Vinyonga wetu ni Chamaeleo dilepis, wale wa kijani wanaoonekana sana vichakani, na wanatunzwa kwa kibali cha mafunzo. Kinyonga ni mnyama wa mchana. Jua likizama anakunja mkia, rangi inapauka, analala fofofo. Nyenje ni kinyume chake: mchana anajibanza, usiku anatoka kusaka chakula. Sasa ukimwaga nyenje ishirini kizimbani jioni ukasema "atakula akiamka", umemfungia aliyelala chumba kimoja na wenye njaa. Watamtafuna ngozi ya vidole, mkia, hata pembeni mwa macho. Vidonda ni vidogo lakini vinaingiza maambukizi, na mnyama anaishi kwa hofu, mwisho anagoma kula.

Dawa yake ni ratiba. Tunalisha saa tatu asubuhi, kinyonga akishapata joto. Nyenje tunawahesabu wakiingia: watano au sita kwa mkubwa, siku moja tunalisha na moja tunaruka, wadogo wanakula kila siku. Alasiri tunahesabu waliobaki na kuwatoa wote. Tena hatuwamwagi ovyo, tunawaweka kwenye kopo la plastiki lenye kuta laini, lililoning'inizwa usawa wa tawi analopenda kukaa. Ndani ya kopo tunaegesha kipande cha wavu ili wapande na kuonekana, lakini kisifike ukingoni, la sivyo wote watatoroka. Na mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga.

Shibe si afya

Mwaka jana mkazi mmoja wa hosteli alituletea kinyonga mwenye taya laini kama mpira na miguu ya mbele iliyopinda. Chakula hakikuwa tatizo, alikuwa akipewa nyenje kila siku. Alikufa siku ya nne.

Shida ni kwamba nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Kinyonga anayekula nyenje watupu analazimika kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa inalegea. Ndiyo maana kabla ya kulisha tunawatia nyenje kwenye mfuko wenye unga laini wa kalsiamu kaboneti na kuutikisa kidogo mpaka waonekane kama wamepakwa poda. Lakini unga peke yake hautoshi. Ili kalsiamu itumike mwilini inahitajika vitamini D, na hiyo kinyonga anaitengeneza kwa mionzi ya UVB ya jua. Kioo cha dirisha kinaizuia mionzi hiyo, kwa hiyo kumweka dirishani hakusaidii. Mtoe nje kwenye jua, pawe na kivuli cha kukimbilia.

Mlishe mdudu kwanza

Kinachokuwa tumboni mwa nyenje ndicho kinachoingia kwa kinyonga. Siku moja au mbili kabla, tunawapa majani ya mchicha wa mboga kidogo, matembele, karoti na boga. Wanakaa kwenye ndoo yenye matundu ya hewa na trei za mayai za kujificha. Maji ya bakuli yanawazamisha. Kipande cha tango kinatosha. Wakikosa maji na chakula wanalana wenyewe kwa wenyewe, kama chumba chetu bumu likikata.

Wadudu wa kuokota? Panzi wa shamba lisilopigwa dawa ni chakula kizuri sana. Mende wa jikoni waache, huwezi kujua wamepuliziwa nini. Kimulimuli usimpe kabisa, ana sumu inayoweza kuua mjusi.

Kabla hujamchukua

Najua baada ya kusoma haya kuna mtu atatamani kuwa naye chumbani. Kwa Tanzania, mnyamapori hakamatwi wala kufugwa bila kibali. Ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukimkuta anavuka barabara ya bwenini kwa mwendo wake ule, msogeze kichakani upande aliokuwa akielekea. Humo jua ni la bure, panzi wamekula majani mabichi, na nyenje wakimfuata usiku ana mti mzima wa kuhamia.