Jiwe na Simu

Sogeeni, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina simu, jiwe, na mimi mwenyewe nikiwa shahidi.

Saa nne asubuhi sokoni, mama mmoja muuza dagaa alipapasa pindo la kanga. Simu haipo! Akapiga yowe: "Mwizi!" Kijana mbeba mizigo aliyekuwa karibu akashtuka, akatimua mbio. (Nanyi msimcheke. Hata mimi na magoti haya ningekimbia.) Watu wakamwangusha mtaroni. Mama lishe akajitupa katikati, mwiko ungali mkononi: "Mpelekeni kituoni!"

Mzee mmoja akainua jiwe. "Kituoni kufanya nini? Hizo haki za binadamu ni za wezi! Sisi tunaoibiwa tuna nini?"

Mzee yule hakuwa katili. Mwezi uliotangulia aliibiwa baiskeli, na aliyekamatwa kwa wizi huo akaonekana mtaani baada ya siku mbili, anakunywa kahawa. Nani asingeumia? Ila hasira yake ilikosa njia. Kama kesi yake ilizembewa, wa kuulizwa ni aliyezembea, si kijana wa mtaroni.

Tena na yeye mzee yumo katika haki hizo. Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inalinda mali ya mtu, baiskeli yake ikiwemo. Ibara ya 13 inakataza mtu kuteswa, na inataka mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Haki hizo ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na walengwa wake ni watu. Haikuandikwa "mtu mwema".

Neno moja linaweza kumfungia mtu nje, wajukuu zangu. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 lilipokuwa likiandikwa, rasimu ya Kiingereza ilitumia neno linaloweza kusomwa "wanaume wote". Hansa Mehta, mama kutoka India, akalipinga: wapo watakaolishika neno hilo wawaache wanawake nje. Likabadilishwa, likawa "binadamu wote". Mimi humkumbuka kila nikisikia mtu akisema haki hizi ni za fulani.

Mnataka kujua habari za simu? Iliita. Bintiye muuza dagaa alikuwa akimpigia kutoka nyumbani, na mlio ulitoka ndani ya beseni lake mwenyewe, chini ya magazeti ya kufungia dagaa. Soko zima likanyamaza. Yule mzee akaliweka jiwe chini taratibu, kama anayeweka yai.

Kijana hakudai fidia wala kuombwa radhi. Aliuliza tu kama kuna aliyeiona kandambili yake ya kushoto. Tuliitafuta mpaka adhuhuri.