Likizo Zanzibar na watoto: Chagua matembezi kwa umri wa mdogo, si kwa picha za papasi

Ukishaweka mabegi chumbani na watoto wakaiona bahari ya Nungwi au Paje, haichukui muda papasi anakufikia. Mkononi ana kadi yenye picha: pomboo wanaruka, kobe wakubwa kama meza, fungu la mchanga mweupe katikati ya maji ya buluu, kima wekundu, mashamba ya viungo. Bei ni ya kuzungumza, na kwa maelezo yake kila safari inawafaa watoto.

Si zote. Familia iliyodunduliza mwaka mzima kulipia feri na chumba hushawishika kuchukua safari tatu au nne ili pesa isipotee bure. Matokeo yake likizo inaishia kwenye boti na barabarani, mdogo anatapika, mkubwa amenuna, na mama ndiye anayebeba mabegi ya wote.

Njia rahisi ni kuanza na mtoto mdogo kuliko wote. Kama ana miaka mitatu, basi siku hiyo familia nzima ina miaka mitatu. Vinginevyo gawaneni: baba aende na wakubwa, mama abaki ufukweni na mdogo, kesho mbadilishane. Na siku moja itoshe kwa safari moja.

Boti ndiyo inayohitaji maswali mengi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2024, linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na robo yao walikuwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Wengi wa hao hawakuwa watalii, lakini takwimu hiyo inaonyesha ni umri gani maji hayana huruma nao. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala harushi mikono kama tunavyoona kwenye filamu. Huzama kimya, wakati wazazi wakiwa wanapiga picha.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa majaketi ya kuokolea maisha. Usiridhike na jibu kwamba yapo. Yaone, kisha mvalishe mwanao, funga vifungo vyote, halafu shika jaketi mabegani na ulivute juu. Likipanda hadi kidevuni au masikioni, ni kubwa, na akianguka majini litamvuka. Jaketi la mtu mzima halimsaidii mtoto wa miaka minne hata ukilikaza namna gani. Yale maboya ya kupuliza ya kuvaa mikononi ni ya kuchezea tu, tena mzazi akiwa hatua moja kutoka kwa mtoto. Boti isipokuwa na saizi ya mwanao, hiyo si safari yenu, hata kama umeshatoa pesa ya awali. Ndiyo maana ni vizuri pesa hiyo iwe ndogo.

Muulize nahodha pia kuhusu upepo. Likizo ya Juni huangukia kwenye kusi, na bahari ya mashariki na kusini mwa Unguja huweza kuchafuka. Desemba joto ni kali, na ikifika saa sita mchana boti isiyo na turubai ni kikaango. Kwa vyovyote, ondokeni asubuhi mapema. Jua la kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni ndilo linalounguza zaidi, na maji ya bahari hulirudisha usoni. Mtoto wa chini ya miezi sita hategemei losheni ya jua, anategemea kivuli na nguo.

Kuhusu kutapika: watoto wa kati ya miaka miwili na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na mwendo wa chombo. Mpe chakula chepesi kabla ya safari, mkalishe katikati ya boti, na mwambie aangalie mbali pale bahari inapokutana na anga. Simu aiweke. Dawa za kuzuia kichefuchefu zisitolewe kwa kukadiria. Promethazine, kwa mfano, haifai kwa mtoto chini ya miaka miwili. Muulize mfamasia mkiwa bado nyumbani, maana feri ya kutoka Dar es Salaam yenyewe ni kama saa mbili.

Safari maarufu kuliko zote labda ni ya kuwaona pomboo Kizimkazi, na hiyo ndiyo ningeiacha kwanza kama nina mtoto mdogo. Boti kadhaa hukimbilia kundi moja la pomboo, injini zinanguruma, kisha wageni wanahimizwa kuruka majini haraka kabla wanyama hawajapotea. Hayo ni maji ya kina, mbali na ufukwe. Mtoto asiyeogelea vizuri atakaa botini akitikiswa huku wengine wakiruka, na pomboo nao hawapumziki. Kijana wa miaka 14 anayejua kuogelea ni habari nyingine, mradi nahodha akubali kukaa mbali na kuzima injini.

Fungu la mchanga la Nakupenda linapendeza sana, lakini halina mti wala choo, na maji yakijaa linafunikwa. Ukienda, chukua mwavuli, maji ya kunywa ya kutosha, na ukubaliane na nahodha saa ya kurudi. Wenye watoto wadogo watafaidi zaidi kisiwa cha Changuu, ambacho wengi tunakiita Prison Island. Boti kutoka Mji Mkongwe huchukua takriban nusu saa, kuna kivuli, na kuna kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli. Jela iliyojengwa huko mwishoni mwa karne ya 19 ilikuja kutumika kama karantini ya wagonjwa, hadithi ambayo watoto waliopitia kipindi cha Uviko wataielewa mara moja.

Hapo Changuu watoto hulisha kobe majani na kuwashika. Waache washike, ila kobe na wanyama wa jamii yake huweza kubeba bakteria aina ya salmonella bila kuonyesha ugonjwa wowote, na walio chini ya miaka mitano huathirika zaidi. Nawisheni mikono kwa sabuni kabla ya mtoto kupewa biskuti au kuingiza kidole mdomoni. Kitakasa mikono ni cha dharura, sabuni na maji ndiyo kazi yenyewe.

Nchi kavu kuna mambo mazuri ambayo hayatangazwi kwa kelele. Msitu wa Jozani una kima punju, kima mwekundu ambaye asili yake ni Zanzibar pekee, na amezoea watu kiasi cha kukaa karibu kabisa na njia. Matembezi ni mafupi, kuna kivuli, na daraja la mbao linapita juu ya mikoko. Waambie watoto kwamba kima hawa hula mkaa, halafu uone maswali yatakavyomiminika. Msiwalishe na msiwaguse. Mnyama akimng'ata au kumkwaruza mtoto, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mnyama. Msisubiri likizo iishe.

Mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na Kidichi nayo hayachoshi. Mtoto ananusa karafuu, anatafuna gome la mdalasini, anavishwa kofia ya makuti. Saa mbili zinatosha. Wengi hujaribu kubandika hapo hapo ziara ya Mji Mkongwe kwa miguu wakati jua likiwa utosini, na hapo ndipo vilio huanza. Mji uacheni jioni, mmalizie Forodhani. Pale kuleni kinachotoka motoni mbele ya macho yenu. Mishikaki na samaki waliochomwa mapema na kupangwa mezani wavutie macho tu.

Tena kuna matembezi yasiyolipiwa hata senti. Pwani ya mashariki, Paje hadi Jambiani, maji yakipwa bahari hurudi nyuma mbali sana, na wazazi wengi hulalamika kwamba wamelipia ufukwe usio na maji. Muulize mwenyeji saa ya kupwa, kwa kuwa husogea kila siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji huenda mbali zaidi. Mwombe mtu wa kijijini awaongoze kwa ujira mnaokubaliana. Watoto wataona kaa, viti vya pweza, na akina mama wakihudumia mashamba ya mwani. Wasikanyage kamba na vijiti vyao. Wavae viatu vya plastiki vilivyofungwa kisiginoni, maana kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi ambayo ikiingia mguuni hukatika. Na geukeni kurudi mapema, kabla maji hayajaanza kujaza mikondo iliyo nyuma yenu.

Wakati wa kukubaliana bei, taja kwamba nyinyi ni wakazi na muwe na vitambulisho, kwani feri hutoza wageni zaidi. Uliza kama bei inajumuisha kiingilio, maji na chakula. Kisha uliza swali moja ambalo papasi wengi hawalitarajii: mtoto akichoka au bahari ikichafuka, nahodha atakubali turudi, na sisi tutadaiwa nini?