Kifurushi Kikipotea, Nani Alipe?

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kipande cha chuma. Ilikuwa shafti ya mashine ya kusaga nafaka, fupi kuliko mkono wa mtu mzima, pamoja na beringi zake mbili. Niliifungasha mwenyewe ndani ya boksi, nikalikaza boksi kwa kamba, nikalipeleka kwenye kampuni moja ya kusafirisha vifurushi hapa Dar es Salaam ili lifike Namtumbo, mkoani Ruvuma. Hadi leo halijafika.

Najua wapo watakaosema kwamba chuma ni chuma tu, na kwamba wako watu waliopoteza makubwa zaidi ya hayo. Ni kweli. Lakini hebu nisikilizeni kwanza.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ana mashine ya kusaga katika kijiji kimoja wilayani Namtumbo. Shafti ilipokatika alinipigia simu, akanipa vipimo na kuniomba nimchongeshee nyingine kwa mafundi wa Gerezani. Shafti na beringi ziligharimu Sh 180,000. Fedha hizo hazikuwa zangu. Shemeji aliuza magunia matatu ya mahindi, akanitumia.

Pale kaunta kijana aliniuliza, "Ndani kuna nini, mzee?" Nikamjibu, "Vyuma." Akauliza tena, "Thamani yake?" Nami nikamuuliza kama nikitaja thamani nauli itaongezeka. Akasema itaongezeka kidogo. Nikamwambia, "Basi acha." Nikalipa Sh 12,000, nikapewa stakabadhi, nikaambiwa keshokutwa mzigo utakuwa Namtumbo. Niliondoka nikijiona mjanja, maana nilikuwa nimeokoa shilingi elfu chache.

Siku ya tatu shemeji alikwenda kwa wakala wao pale Namtumbo mjini, akaambiwa hakuna kitu. Wiki ikapita. Ofisi ya Songea ilisema Dar es Salaam hawajatuma. Ofisi ya Dar es Salaam ilisema Songea wamekwisha pokea. Wiki ya tatu nikaitwa, nikaambiwa kwa upole kwamba kampuni iko tayari kunirudishia nauli yangu, Sh 12,000, na kwamba hayo ndiyo masharti.

Wakati huo kule kijijini akina mama walikuwa wakijitwika ndoo za mahindi kwenda kusaga kijiji cha pili, wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Dada yangu alinipigia simu akasema, "Kaka, hapa nyumbani tunanunua unga, na mashine iko uani." Sikuwa na la kumjibu.

Sasa ndugu msikilizaji, tujiulize: kifurushi hupoteaje? Wengi tunadhani hupotea njiani. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilometa 900, kwa kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe. Kutoka Songea kwenda Namtumbo ni kama kilometa 70 hivi kuelekea mashariki. Zamani kipande hicho kilikuwa mateso wakati wa masika, na msafirishaji aliweza kusingizia matope. Leo kina lami, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa mwaka 2008 wa Changamoto za Milenia. Kisingizio cha matope kimekwisha.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mzigo hupotea katika makabidhiano. Hebu tuhesabu mikono. Kuna kijana wa kaunta, kuna mtunza stoo, kuna anayepakia kwenye basi au lori, kuna anayeshusha Songea, kuna anayechambua mizigo, kuna dereva wa gari dogo la kwenda wilayani, na mwisho kuna wakala. Watu saba. Na Songea ni njia panda: upande mmoja mizigo inakwenda Mbinga na Mbamba Bay, upande mwingine Namtumbo na Tunduru. Boksi likiwekwa kwenye fungu lisilo lake, linaanza safari ya peke yake.

Kwa sababu hiyo, kila mzigo unapotoka mkono mmoja kwenda mwingine hutakiwa kuwepo orodha, na anayepokea aweke saini. Basi ukiambiwa kifurushi chako hakionekani, usiulize, "Kiko wapi?" Swali hilo ni rahisi kujibiwa kwa maneno matupu. Uliza, "Nani alisaini mara ya mwisho kukipokea?" Mimi nilichelewa kulijua hilo. Nilipoomba kuonyeshwa orodha, tuliona namba yangu katika mizigo iliyotoka Dar es Salaam. Tukaiona pia Songea, imewekewa alama kwamba imepokelewa. Katika orodha ya mizigo ya Namtumbo haikuwemo. Kwa hiyo wiki tatu za kutupiana mpira zilimalizwa na karatasi tatu, na kila mtu akajua kwamba boksi lilipotelea Songea, mikononi mwa kampuni.

Sasa tuje kwenye sheria. Nyuma ya stakabadhi yangu kulikuwa na maandishi madogo yasemayo kwamba kampuni haitawajibika kwa upotevu. Wengi wetu tukisoma hayo tunakata tamaa na kwenda nyumbani. Tusifanye haraka. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake anapaswa kuitunza kwa uangalifu ule ule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe. Ni kweli kwamba watu wanaweza kuwekeana masharti yao, na hapo ndipo maandishi yale madogo huleta ubishi. Lakini kuandika sharti ni jambo moja, na sharti hilo kusimama mbele ya chombo cha sheria ni jambo lingine. Tume ya Ushindani nayo imepewa kazi ya kuangalia mikataba hii ambayo upande mmoja huiandika na upande wa pili huikuta imekwisha chapwa.

Tena biashara hii si ya holela. Anayesafirisha vifurushi kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Wengi tunadhani TCRA ni ya simu na redio tu. Sivyo. Posta na vifurushi viko chini yake pia, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalisema hilo hata katika jina lake.

Je, nilistahili kulipwa nini? Thamani ya chuma peke yake, au pamoja na hasara ya mashine iliyosimama wiki tano? Hapa nitawapeleka mbali kidogo, Uingereza, mwaka 1853, kwa sababu yaliyotokea huko yanafanana mno na yetu.

Katika mji wa Gloucester kulikuwa na kinu cha kusaga nafaka kilichoendeshwa kwa mvuke, mali ya akina Hadley. Shafti ya mashine ikavunjika. Ikabidi ipelekwe Greenwich, karibu na London, iwe kielelezo cha kuchongea mpya. Wakaikabidhi kampuni ya wasafirishaji iliyoitwa Pickford. Kwa uzembe, shafti ilicheleweshwa siku kadhaa, na siku zote hizo kinu kilisimama. Wenye kinu wakamshtaki Baxendale, mmoja wa wakuu wa kampuni ile, wakitaka walipwe faida waliyoikosa.

Hukumu ilitolewa mwaka 1854, na wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Mahakama ilisema kwamba aliyevunja mkataba hulipa hasara ya aina mbili. Kwanza, ile inayotokea kwa kawaida ya mambo. Pili, ile ambayo pande zote mbili zilifahamu, wakati wa kupatana, kwamba ingeweza kutokea. Mahakama ilichukulia kwamba wasafirishaji walikuwa wameambiwa tu kwamba kile ni chuma kilichovunjika cha mashine, na kwamba waliokileta ni wenye kinu. Wangejuaje kwamba hapakuwa na shafti ya akiba? Kwa hiyo faida iliyokosekana haikutakiwa kuhesabiwa.

Kanuni hiyo ilisafiri. Ikaingia katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo wakoloni waliitumia hapa Tanganyika mpaka tulipotunga yetu mwaka 1961. Katika sheria yetu imo mpaka leo. Yaani kinu cha Gloucester na mashine ya shemeji yangu Namtumbo vinahukumiwa kwa kipimo kimoja.

Nilipoelewa hayo nilikunja stakabadhi yangu na kuona haya. Mimi niliandika nini? "Vyuma." Sikuandika shafti. Sikuandika thamani. Sikumwambia mtu yeyote kwamba kuna mashine imesimama na kijiji kinasubiri. Kampuni ilipoteza boksi, hilo ni kosa lake. Lakini kunyamaza kaunta lilikuwa kosa langu, na nililinunua kwa shilingi elfu chache nilizojidai kuokoa.

Hata hivyo sikuacha. Niliandika barua kwa meneja, ukurasa mmoja tu. Nikataja namba ya stakabadhi, tarehe, kilichokuwamo, bei yake, na orodha ile ya Songea iliyoonyesha mzigo umepokelewa. Nikaambatisha nakala ya risiti ya fundi wa Gerezani. Nikasema ninachodai, na nikataja siku ambayo nisipojibiwa nitakwenda TCRA. Sikutukana mtu. Barua nikaipeleka kwa mkono, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa.

Muhuri huo una maana kubwa. Utaratibu wa TCRA ni kwamba mlalamikaji aanze kwa mtoa huduma mwenyewe. Akishindwa kuridhika, ndipo apeleke malalamiko kwenye Mamlaka pamoja na vielelezo. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutetea watumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Ngazi zipo. Lakini huwezi kupanda ngazi ya pili kama huna ushahidi kwamba ulikanyaga ya kwanza, na kupiga simu ishirini bila karatasi si ushahidi mzito.

Kabla siku niliyoitaja haijafika, kampuni ililipa. Nilipata Sh 180,000 na nauli. Kilichoniokoa ni risiti ya fundi, kwani bila hiyo nisingeweza kuthibitisha kwamba ndani ya boksi hamkuwa na misumari ya kutu. Kuhusu wiki tano za mashine kusimama, nilijibiwa kwamba kampuni haikuarifiwa. Sikuwa na la kubisha.

Basi ndugu msikilizaji, unapotuma kifurushi, fanya mambo haya. Andika kwenye stakabadhi jina halisi la kitu, si "vyuma," si "nguo," si "vitu vya nyumbani." Taja thamani, hata kama nauli itapanda. Kama kuchelewa kutaleta hasara, sema, na uhakikishe yameandikwa: dawa ya mgonjwa, vyeti vya mtoto anayekwenda usaili, kipuri cha mashine iliyosimama. Piga picha ya mzigo kabla na baada ya kufungwa. Andika jina na simu ya mpokeaji kwenye boksi lenyewe, na kikaratasi kingine weka ndani, maana lebo ya juu huweza kubanduka. Tunza risiti ya ulikonunua. Na siku iliyoahidiwa ikipita, usingoje wiki tatu kama mimi. Ombeni orodha za makabidhiano siku hiyo hiyo, wakati vijana wa stoo bado wanakumbuka.

Na wenye kampuni nao nawaambia: anayewaletea boksi lenye kamba mara nyingi analeta mavuno ya mtu. Kijana wa kaunta angesema neno moja tu, "Mzee, usipotaja thamani kikipotea utapata nauli peke yake," ningelipa zile elfu chache bila kinyongo. Kumweleza mteja masharti kabla hajalipa hakugharimu kitu.

Shafti nyingine ilichongwa, na safari hii shemeji alikuja kuichukua mwenyewe, akalala njiani na kuipakata mapajani mpaka Namtumbo. Mashine inasaga. Lakini nauli yake ya kuja na kurudi, na mapato ya wiki tano, hakuna aliyemlipa. Nilipojaribu kumpa kitu alikataa, akasema, "Shemeji, hukukusudia." Ni maneno ya kiungwana, lakini hayakulifuta deni. Mwezi ujao nakwenda Namtumbo, na sitakwenda mikono mitupu.

Tukutane wiki ijayo.