Kipimo cha kidoleni au cha maabara: Kipi cha kuaminiwa?

UMEPIMWA virusi vya Ukimwi mjini Kitale kwa tone la damu ya kidoleni, na majibu ukayapata kabla ya nusu saa. Ndugu yako huko Bungoma alitolewa damu mkononi, ikapelekwa maabara, akaambiwa angoje. Je, majibu yake ni ya kweli kuliko yako?

La, si lazima. Vipimo vyote viwili hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa na virusi.

Kipimo cha maabara kiitwacho Elisa kilianza kutumika Marekani mwaka wa 1985. Damu hutiwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Kingamwili zikiwamo, rangi hubadilika na mashine huipima. Kinahitaji umeme na mtaalamu, kwa hivyo hufaa pale damu ya watu wengi inapopimwa kwa pamoja. Cha kidoleni huonyesha mstari tu, na kilienea Kenya kupitia vituo vya ushauri na upimaji kuanzia 2001.

Jambo kubwa, msomaji, ni siku zilizopita tangu ujihatarishe. Kipimo cha kidoleni huweza kugundua kingamwili kati ya siku 23 na 90. Vipimo vipya vya maabara, ambavyo hutafuta pia kipande cha virusi, huwahi kidogo: siku 18 hadi 45. Ukipimwa baada ya wiki moja na kuambiwa huna virusi, bado hujawa salama. Rudi baada ya miezi mitatu. Na kama saa 72 hazijapita, kimbilia hospitali upewe dawa za kuzuia maambukizi.

Ukipatikana na virusi, usishangae kupimwa tena. Tangu 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla ya mtu kuambiwa ameambukizwa.

Mtoto ni jambo jingine. Huzaliwa na kingamwili za mamake, na zaweza kubaki hadi miezi 18. Hivyo mstari wa kidoleni haumaanishi kuwa ameambukizwa. Mpeleke kliniki akiwa na wiki sita, atolewe damu kisiginoni, itafutwe virusi vyenyewe.

Unapokwenda kupimwa, mweleze mhudumu tarehe uliyojihatarisha. Bila tarehe hiyo, hata mashine ya bei ghali yaweza kukupotosha.