Maumivu ya Mgongo na Viungo: Ni Nani wa Kumwona?

Mgongo ukikaza au bega likiuma, wakazi wengi huanza kwa jirani anayejua kukanda. Hata hivyo, wanaotibu kwa mikono si wa aina moja, na kuwatofautisha huokoa muda, pesa na wakati mwingine kiungo.

Mtaalamu wa fiziotherapia hushughulikia misuli, viungo na neva. Humpima mgonjwa, humnyoosha na kumfundisha mazoezi ya kuendeleza nyumbani. Huwahudumia waliopatwa na kiharusi, waliotolewa plasta na watoto wenye mtindio wa ubongo. Taaluma hii inasimamiwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014.

Mtaalamu wa tiba kazi humrejesha mgonjwa kwenye shughuli za kila siku: kuoga, kufunga vifungo, kupika au kushika kalamu. Kwa aliyepooza upande mmoja, fiziotherapia humsaidia kusimama na kutembea, nayo tiba kazi humwezesha kujilisha. Wengi huhitaji huduma zote mbili. Sheria ya taaluma hii ni ya mwaka 2017.

Kairoprakta hushughulikia zaidi uti wa mgongo kwa kuusukuma kwa mikono. Nchini ni wachache, na wengi wako katika kliniki za kibinafsi mijini.

Mkandaji hulegeza misuli iliyochoka. Huduma yake haitibu mfupa uliovunjika wala neva iliyobanwa.

Mganga wa kienyeji wa mifupa yuko karibu na wananchi, lakini bila eksirei hawezi kuona mfupa ulivyovunjika. Kuukanda huzidisha jeraha. Vibao vilivyokazwa mno huzuia damu, na mkono au mguu unaweza kuoza hadi ukakatwa.

Usikandwe, nenda hospitali mara moja ukiwa na dalili hizi:

- Uvimbe au maumivu makali baada ya kuanguka au ajali.
- Maumivu ya mgongo pamoja na ganzi katika sehemu za siri, au kushindwa kudhibiti mkojo au choo.
- Mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa na joto. Huenda damu imeganda ndani.
- Mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla.
- Maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa.

Kabla ya kutibiwa, mwombe mhudumu akuonyeshe leseni yake. Ni haki yako. Usipojua pa kuanzia, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe na uelekezwe kwa mtaalamu anayefaa.