Buluu ya Kwenye Skrini

Bibi alitoka Kilwa na mjukuu wake wa miaka mitatu, mkononi barua ya rufaa iliyoandikwa pumu. Kwa miezi minane mtoto alikuwa akipuliziwa dawa. Mimi hata mashine ya kupima moyo sikuwa nimeiwasha, nikaona jambo: mtoto alikimbia hatua chache kwenye korido yetu, akasimama, akachutama. Hakuna aliyemfundisha. Watoto wenye kasoro fulani ya moyo hugundua wenyewe kwamba wakichutama wanapata nafuu: mishipa ya miguu hubanwa, na damu nyingi zaidi husukumwa kwenda mapafuni.

Kwenye ngozi yetu nyeusi ubuluu hujificha, kwa hiyo sitazami mashavu. "Toa ulimi, baba." Ulimi ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kula zambarau. Kifaa cha kidoleni, kinachopima oksijeni kwenye damu, kilisoma asilimia 78. Mtoto mwenye afya husoma 95 na zaidi.

Kipimo chenyewe, tunachokiita eko, si mionzi. Ni sauti tu, nyembamba mno kwa sikio la binadamu, inayogonga kuta za moyo na kurudi kama mwangwi. Mwaka 1953 kule Lund, Uswidi, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walianza kazi hii kwa mashine iliyotengenezwa kukagua nyufa kwenye vyuma. Chuma hakilii. Mtoto akilia anazidi kuwa wa buluu, kwa hiyo jeli naipasha moto kwanza, na simu yangu imejaa katuni.

Nilipobonyeza kitufe cha rangi, bibi alishtuka.

"Mwanangu, hiyo buluu ndiyo damu chafu?"

Wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Hapana, bibi. Mashine haijui oksijeni. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa nilichoshika, buluu ni ile inayokipa mgongo. Damu safi kabisa inaweza kuonekana buluu hapa. Buluu ya ulimi ni nyingine, buluu ya skrini nyingine.

Nikamwonyesha. Ukuta kati ya vyumba viwili vya chini una tundu kubwa. Aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, umeukalia ukuta huo mguu huku mguu kule, unapokea damu ya pande zote mbili, iliyopita mapafuni na isiyopita. Njia ya kwenda mapafuni imebana, na chumba cha upande wa kulia, kwa kusukuma kila siku kwenye mlango mwembamba, kimenenepa msuli. Kasoro hizo nne Étienne-Louis Fallot wa Marseille alizieleza mwaka 1888, akiwa amepasua maiti. Mimi ninaziona kwa mtoto anayecheka katuni.

Ubanaji tunaupima kwa mbio za damu. Bana mdomo wa mpira wa maji uone maji yanavyoruka. Kwa huyu ilikuwa mita 4 kwa sekunde. Zidisha 4 kwa 4, kisha mara 4 tena, unapata 64: hiyo ndiyo tofauti ya presha kati ya chumba hicho cha upande wa kulia na mshipa wa mapafu.

Kilichonichelewesha ni mshipa mwembamba kama uzi, unaoulisha moyo wenyewe. Kwa watoto wachache wenye kasoro hii, hukatiza mbele ya njia ileile ambayo daktari wa upasuaji anatakiwa kuipanua. Akiukata bila kujua, ameua msuli wa moyo. Nikautafuta. Katuni ikaisha, nikaianzisha tena. Bibi kashika nyayo za mtoto, haongei. Hatimaye nikauona, umepita njia yake ya kawaida, nikaandika hivyo kwenye ripoti ya madaktari wa upasuaji.

Nilipokuwa nafuta jeli kifuani, bibi alifungua pindo la khanga, akatoa kile kipulizio cha pumu, akakiweka juu ya meza yangu.