Vipande vya Mti vya Kuchezea Mtoto: Vya Kupanga na vya Kubingirisha

Mtoto wa miezi saba amekaa kwenye mkeka. Mama yake anapika. Mtoto anataka kitu cha kushika. Je, apewe nini?

Katika nyumba nyingi mtoto hupewa kitu kilicho karibu. Pengine ni kifuniko cha chupa ya soda. Pengine ni gunzi la mahindi. Pengine ni chupa tupu ya dawa. Mtoto hunyamaza, na mama huendelea na kazi. Lakini mtoto wa umri huo hupeleka mdomoni kila anachoshika. Kwa hiyo kumchagulia mtoto kitu cha kuchezea ni jambo la afya, sawa na kumchagulia chakula.

Leo tutaeleza juu ya vipande vya mti vya kupanga na vya kubingirisha. Ni vitu vya kuchezea vilivyo rahisi na vizuri. Huhitaji fedha nyingi. Kinachotakiwa ni kuchagua vizuri.

MTOTO ANAJIFUNZA NINI?

Kipande chenye pande bapa hutulia unapokiweka. Unaweza kuweka kingine juu yake. Kipande cha mviringo hakitulii. Ukikisukuma kinakwenda. Kwako wewe mtu mzima hayo ni mambo madogo. Kwa mtoto ni elimu kubwa. Anajifunza kwamba vitu vina tabia, na kwamba mikono yake inaweza kuvibadilisha.

Anapopanga vipande, macho na mikono yake hujifunza kufanya kazi pamoja. Vidole hupata nguvu. Ndivyo vidole vitakavyoshika kijiko, baadaye jembe na kalamu. Anapofuata kipande kinachobingirika, hujifunza kutambaa. Mgongo, mikono na miguu yake hupata nguvu.

Jambo hili lilijulikana tangu zamani. Mwaka 1837 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Friedrich Froebel, alianzisha mahali pa kufundishia watoto wadogo kwa michezo. Miongoni mwa vitu alivyowapa watoto vilikuwamo vipande vitatu vya mti: tufe, kipande chenye pande sita zilizo sawa, na kigogo cha mviringo. Tufe hubingirika tu. Kipande cha pande sita hukaa tu. Kigogo kina tabia zote mbili: ukikisimamisha kinakaa, ukikilaza kinabingirika. Vipande hivyo vitatu vinamtosha hata mtoto wa Kinole, Matombo au Mgeta.

Hapa kwetu nako, mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Programu hiyo inasema kwamba mtoto anahitaji mambo matano: afya bora, lishe, malezi yenye upendo na kuitikiwa, nafasi ya kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mchezo mzuri humpa mtoto nafasi ya kujifunza. Ukicheza naye, unampa pia upendo. Ukichagua kitu kisicho na hatari, unampa usalama.

KILA UMRI NA MCHEZO WAKE

Watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Lakini wengi hufuata njia hii:

Miezi 4 hadi 6. Mtoto hunyoosha mkono na kushika. Mpe kipande kimoja. Atakishika, atakilamba, atakiangusha.

Miezi 7 hadi 9. Mtoto hukaa. Huhamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hugonganisha vitu viwili. Mpe vipande viwili. Mbingirishie kigogo taratibu, naye atakifuata kwa macho, kisha kwa kutambaa.

Miezi 10 hadi 12. Hutia vitu katika chombo na kuvitoa. Mpe bakuli au kikapu kidogo na vipande vinne.

Mwaka 1 hadi mwaka 1 na nusu. Huanza kuweka kipande kimoja juu ya kingine. Kwanza viwili, kisha vitatu au vinne.

Miaka 2. Wengi huweza kupanga vipande kama sita.

Usikasirike mtoto akivunja mnara uliompangia. Usimwite mtundu akitupa kipande mara kumi. Anapima. Anataka kujua kama kitaanguka tena. Mrudishie, na umtajie jina la kitu: "Kimeanguka. Kinabingirika. Hiki kikubwa, hiki kidogo." Maneno hayo ni sehemu ya mchezo.

Mtoto akifikisha miezi 9 na hawezi kukaa bila kushikwa, au hanyooshi mkono kushika kitu, mpeleke zahanati. Fanya hivyo pia kama hageuki anaposikia sauti. Usingoje. Siku ya kupimwa uzito ni nafasi nzuri ya kuuliza.

KIPIMO CHA UKUBWA

Hatari kubwa ya kitu cha kuchezea ni kukwama kooni. Koo la mtoto ni jembamba. Kitu kidogo kikiziba njia ya hewa, mtoto anaweza kufa katika dakika chache. Hakuna muda wa kutembea hadi barabarani kutafuta gari.

Basi shika vipimo hivi:

1. Kipande cha kupanga kiwe na upana wa vidole vitatu vya mtu mzima vilivyobanana, kila upande. Hiyo ni kama sentimita 5.

2. Kigogo cha kubingirisha kiwe na unene huohuo wa vidole vitatu. Urefu wake uwe kama upana wa kiganja. Kisiwe kijiti chembamba. Mtoto akianguka na kijiti mdomoni, kinaweza kumchoma kooni.

3. Tufe liwe na ukubwa wa chungwa. Tufe lenye ukubwa wa ndimu halifai. Kitu cha mviringo huziba koo kabisa, bila kuacha nafasi ya hewa kupita.

4. Kitu chochote chenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, au kidogo kuliko hicho, kisikae karibu na mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

MTI GANI UNAFAA?

Tumia mti mkavu usio na utomvu. Miti ya matunda kama mfenesi, mparachichi na mwembe inafaa ikikauka vizuri. Mafundi seremala wa Morogoro mjini na wa vijijini hubakiwa na vipande vya mbao. Waombe. Lakini uliza kwanza kama mbao hizo zimetiwa dawa.

Usitumie mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Mara nyingi mbao hizo zina rangi ya kijani kibichi. Usitumie vipande vya nguzo za umeme. Dawa zilizomo ni sumu kwa mtoto anayelamba. Usitumie mnyaa. Utomvu wake huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwa Waluguru, mjomba ana nafasi kubwa kwa mtoto wa dada yake. Basi mjomba, hii ni kazi yako. Babu na baba nao wasikae nyuma. Anayeweza kuchonga mpini wa jembe anaweza kuchonga vipande hivi.

Kata vipande vinne vya pande sita na vigogo viwili vya mviringo. Vikaushe kivulini mpaka vikauke kabisa, ili visipasuke. Ondoa ncha na pembe kali kwa kisu. Kisha sugua kwa msasa wa dukani. Kama huna, tumia majani makavu ya mti wa msasa. Wazee walisugulia vinyago na mipini kwa majani hayo.

Sasa pima. Pitisha kitambaa laini, kama kipande cha kanga kuukuu, kila upande. Kitambaa kikinasa, kuna kibanzi. Sugua tena. Kitambaa kikiteleza, kazi imekwisha.

Usipake rangi. Rangi nyingine zina madini ya risasi. Madini hayo huingia mwilini mtoto anapolamba, na hudhuru ubongo wake. Ukitaka kipande king'ae, paka mafuta kidogo ya kupikia. Usipake oili ya gari.

Osha vipande kwa maji safi na sabuni, kisha vianike juani. Fanya hivyo mara kwa mara, na kila vinapoangukia uchafu. Sehemu za juu kama Mgeta zina ukungu na baridi. Vipande vikiwekwa vibichi huota kuvu. Vikiota kuvu au vikipasuka, vitie motoni na utengeneze vingine.

VITU AMBAVYO MTOTO ASIPEWE

Chupa na makopo ya dawa za mimea. Wakulima wa mboga hutumia dawa za kuua wadudu. Chupa ikiisha dawa hubingirika vizuri, na mtoto huipenda. Lakini mabaki ya sumu hubaki ndani, hata ukiosha. Chupa hizo zisiingie nyumbani kabisa.

Mbegu. Mbegu za mbono na mnyonyo zina sumu. Mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi zina sumu kali sana. Usizitie katika kopo ili ziwe kayamba ya mtoto. Kopo likifunguka, mtoto atazitafuna.

Betri za redio, za tochi na za saa. Betri ndogo ya mviringo ikimezwa huunguza koo kutoka ndani. Mtoto akimeza betri, mkimbize hospitali saa hiyohiyo.

Gunzi lililokauka. Hubomoka vipande vidogo mdomoni.

Ukinunua kitu cha plastiki sokoni Morogoro mjini, kishike kwanza. Kivute. Kitikise. Kama gurudumu au jicho linang'oka mkononi mwako, litang'oka pia mdomoni mwa mtoto. Kama rangi inabanduka kwa kucha, kiache.

MAHALI PA KUCHEZEA

Sisi wa milimani tuna jambo moja zaidi la kuangalia. Nyumba nyingi za Uluguru zimejengwa kwenye mteremko. Kitu kinachobingirika huteremka. Mtoto anayetambaa hukifuata. Hajui kwamba mwisho wa uwanja kuna ukingo, au shimo, au njia ya pikipiki. Ndani ya nyumba hukifuata hata kwenye mafiga yenye moto na sufuria ya maji yanayochemka.

Kwa hiyo chagua mahali kabla ya kuchagua mchezo. Weka kigogo juu ya mkeka na ukiachie. Kikibingirika chenyewe, mahali hapo si sawa. Tafuta mahali pengine palipo sawa. Kunja magunia au mablanketi, uyazungushe pembeni mwa mkeka yawe kama ukuta mdogo. Mkeka uwe mbali na mafiga. Mtoto asichezee nyuma ya mtu anayepika.

Mara nyingi mtoto mdogo huachwa na dada au kaka yake wa miaka minane au tisa. Huyo naye afundishwe. Mwonyeshe kipimo cha vidole vitatu. Mwonyeshe mwisho wa mkeka. Lakini yeye naye ni mtoto. Mtu mzima awe mahali anapoweza kuona na kusikia.

Mtoto akilala, viondoe vipande vyote mahali anapolala.

MTOTO AKIPALIWA

Kama anakohoa kwa nguvu au analia, hewa inapita. Mwache akohoe. Kaa naye.

Kama hawezi kulia wala kukohoa, au midomo inageuka rangi, fanya hivi upesi:

1. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Shikilia taya lake.

2. Mpige mara 5 kwa kisigino cha kiganja, katikati ya mgongo, kati ya mabega.

3. Kitu kisipotoka, mgeuze chali. Mbonyeze mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu.

4. Rudia, mgongo mara 5 na kifua mara 5, mpaka kitu kitoke. Mtu mwingine aende kuita msaada.

Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, mpige mgongoni mara 5. Kisha simama au piga magoti nyuma yake, umzungushie mikono, na umbonyeze tumboni juu ya kitovu mara 5, ukivuta ndani na juu.

Usiingize kidole kooni kukitafuta kitu usichokiona. Unaweza kukisukuma ndani zaidi. Hata kama kitu kimetoka, mpeleke mtoto zahanati akaangaliwe.

Ndugu msomaji, vipande sita vya mti mkavu vinatosha kwa mwaka mzima na zaidi. Mtoto akikua, vitamfaa mdogo wake. Vitengeneze, vipime, kisha kaa chini kwenye mkeka ucheze naye.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kipande cha kupanga kiwe na upana wa vidole vingapi? Kwa nini?

2. Kwa nini tufe lenye ukubwa wa ndimu ni hatari?

3. Taja vitu vitatu vilivyomo nyumbani kwako ambavyo mtoto asipewe kuchezea.

4. Uwanja wako una mteremko? Mkeka wa mtoto utauweka wapi?

5. Kila mmoja aonyeshe, kwa kutumia mto au nguo iliyokunjwa, jinsi ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa. Usimjaribie mtoto.